Sura ya Nne: Tabia ya Kundi na Mahali Pake

Mafuta ya karafuu, ambayo hukenekwa kutoka katika makonyo, majani na karafuu zenyewe za mti uliofika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 na kuenezwa visiwani kwa hima kubwa katika zama za Seyyid Said, yana kwa sehemu yake kubwa kitu kimoja kiitwacho eujenoli, nacho ndicho kiyapacho mafuta hayo harufu yake na ile ganzi aitafutayo mtu mwenye jino bovu. Viwanda vya ng'ambo vilijifunza zamani kuigeuza eujenoli kuwa vanilini, ambayo ndiyo roho ya harufu ya vanila, na kwa muda mrefu mafuta ya karafuu yalikuwa chimbuko muhimu la vanilini iliyotengenezwa kwa mkono wa binadamu. Ukiyatazama mageuzi hayo kwa haraka utayaona kuwa ni madogo, kwani pete ya atomu 6 za kaboni hubaki ile ile, oksijeni yenye hidrojeni yake hubaki pale pale, na kundi la methoksi hubaki ubavuni pa oksijeni hiyo kama lilivyokuwa. Ni upande wa pili wa pete tu, upande ulio mbali kabisa na oksijeni, ndipo mkia wa kaboni 3 unapoondolewa na mahali pake kuwekwa kundi dogo la aldehidi, lenye kaboni moja, hidrojeni moja na oksijeni moja. Walakini ukizitia dutu hizi mbili majini, ukapima jinsi kila moja inavyoiachia hidrojeni ya oksijeni yake, utaona kwamba vanilini huiachia kwa wepesi uzidio ule wa eujenoli kwa mamia ya mara.

Hapana kitu kilichoigusa oksijeni hiyo. Badiliko lilifanywa ng'ambo ya pete, na habari zake zikafika kwa oksijeni zikiwa na nguvu ya kuigeuza hulka yake. Kundi la atomu linalokaa mahali palipokuwa pa hidrojeni, au palipokuwa pa kundi jingine, tutaliita kibadala, na swali la sura hii ni kwa njia gani kibadala hutawala mambo yanayotendeka mbali nacho. Rai nitakayoitetea ni kwamba kibadala hakina tabia moja idumuyo popote kiwekwapo, yaani hapana kundi ambalo ni mvutaji daima au mtoaji daima. Tabia yake huzaliwa kwa mahali lilipo na kwa kazi ambayo molekuli inatakiwa kuifanya. Wanafunzi wengi hufundishwa orodha mbili, ya makundi yavutayo na ya makundi yatoayo, wakazikariri kama majedwali ya kuzidisha, na kwa kufanya hivyo wakaikosa ile sehemu ya maarifa haya iliyo tamu kuliko zote.

Sharti tuanze na elektroni. Tangu mwaka 1916, Gilbert Lewis, mwanakemia wa California, alipoonyesha kwamba kifungo kati ya atomu mbili ni jozi ya elektroni iliyoshirikiwa, wataalamu wamekuwa wakiisoma molekuli kama milki ambayo mali yake ni elektroni, na ambayo mgawanyo wa mali hiyo aghalabu hauna usawa. Atomu za klorini, oksijeni na florini huzivuta elektroni kwa nguvu kuliko kaboni, basi jozi iliyoshirikiwa huelemea kwao. Pale elektroni zilipo nyingi, vitu vyenye upungufu wa elektroni huvutwa kuja kushambulia; pale zilipo haba, huja vitu vyenye ziada yake; na kwa sababu karibu kila tendo la kemia ya kaboni ni kukutana kwa mwenye ziada na mwenye upungufu, anayejua wingi wa elektroni katika kila pembe ya molekuli huwa amekwisha kujua sehemu kubwa ya yale yatakayotokea.

Njia ya kwanza ambayo kibadala huitumia kuubadili wingi huo ni mvuto unaopita katika vifungo vyenyewe, kutoka atomu hata atomu. Watu watatu waliolala chini ya shuka moja wanaijua hali hii, kwani wa pembeni akiivuta shuka kwake, aliye ubavuni pake hufunuka sana na wa mwisho hufunuka kidogo. Asidi butiriki, ile iipayo siagi iliyochacha uvundo wake, ni mnyororo wa kaboni 4 unaoishia katika kundi la kaboksili, na katika kaboksili imo hidrojeni iliyo tayari kuachiliwa majini. Ondoa hidrojeni moja katika kaboni iliyopakana na kaboksili, utie klorini mahali pake, na nguvu ya asidi itapanda kwa kadiri ya mara 90. Isogeze klorini hiyo hiyo hatua moja zaidi, na ongezeko litashuka hata kuwa kama mara 6. Ipeleke kaboni ya mwisho, na ongezeko litabaki mara 2 tu. Sababu yake iko bayana, kwani hidrojeni iondokapo na chaji chanya huiacha oksijeni ikiwa na mzigo wa chaji hasi, na klorini, kwa kuzivuta elektroni upande wake, huupunguza mzigo huo na kumfanya aliyeachwa astahimili hali yake. Katika asidi ya siki klorini moja huongeza nguvu kwa kadiri ya mara 80, na klorini 3 zikikaa pamoja katika kaboni ile moja huiongeza kwa zaidi ya mara 10,000, hata kile kilichokuwa kiungo cha kachumbari kikawa kitu cha kuunguza ngozi.

Mvuto huu una kaida nyepesi kueleweka, nayo ni kwamba hufifia kadiri umbali uzidivyo. Lau ungekuwa peke yake, mafumbo ya vibadala yangalikwisha hapo, na vanilini isingaliweza kuwa ilivyo, kwa maana kutoka kundi lake la aldehidi hata oksijeni inayohusika kuna kaboni 4 za pete, ambazo zingalitosha kuufifiza mvuto wowote ukabaki mabaki tu.

Njia ya pili haifuati umbali, na ndiyo iliyowatesa wanakemia kwa muda wa miaka 60. Michael Faraday aliipata benzeni mwaka 1825 katika majimaji yaliyobaki baada ya kushindilia gesi ya taa huko London, na August Kekulé akapendekeza mwaka 1865 kwamba kaboni zake 6 zimeshikana katika pete. Baadaye ikajulikana kwamba katika pete hiyo zimo elektroni 6 ambazo si mali ya jozi yoyote ya atomu, bali huenea juu na chini ya pete nzima. Kundi likikaa penye pete likiwa na jozi ya elektroni isiyotumiwa, kama walivyo oksijeni na nitrojeni, huweza kuikopesha pete jozi hiyo. Na kundi lenye njaa ya elektroni, kama nitro, huweza kukopa kutoka katika pete. La ajabu ni kwamba mkopo huo haugawanywi sawasawa kwa kaboni zote. Ukihesabu kutoka kaboni iliyobeba kibadala, kaboni zilizo ubavuni pake huitwa otho, zinazofuata huitwa meta, na ile ya ng'ambo huitwa para. Mkopo hufika otho na para, ukairuka meta. Kwa hiyo kaboni ya para, ambayo ndiyo iliyo mbali kuliko zote, huhisi kibadala kwa nguvu kuliko kaboni ya meta iliyo karibu zaidi.

Kabla sababu hizo hazijajulikana, ukweli wenyewe ulikuwa umekwisha kukusanywa kwa subira isiyo kifani. Wilhelm Körner, Mjerumani aliyefanya kazi yake kubwa Italia, alieleza mwaka 1874 njia ya kutambua kwa hakika kama vibadala viwili vimekaa kwa otho, meta au para, na Mholanzi Arnold Holleman akatumia sehemu kubwa ya umri wake kupima kwa mizani ni kiasi gani cha kila kimoja hupatikana kundi jipya litiwapo katika pete yenye kundi la zamani. Toluini, ambayo ni benzeni yenye kundi la methili, ikitiwa nitro hupokea karibu yote kwa otho na para, na meta hupata kiasi cha sehemu 4 katika 100. Tena hufanya hivyo kwa upesi uzidio wa benzeni kwa kadiri ya mara 25. Nitrobenzeni ikitendewa vivyo hivyo hupokea sehemu zaidi ya 90 katika 100 kwa meta, na hufanya hivyo kwa uzito mkubwa mno, polepole kuliko benzeni kwa mamilioni ya mara. Mtu anayelitazama jedwali la namna hii kwa mara ya kwanza huona hesabu tupu. Lakini katika hesabu hizo imelala habari yote ya elektroni, ikingoja wa kuisoma.

Kuisoma kwenyewe ni hivi. Kundi jipya lijapo likiwa na njaa ya elektroni, huishika kaboni moja ya pete kwa jozi iliyotoka katika zile elektroni 6, na kwa muda mfupi pete hubaki na upungufu, yaani chaji chanya, ambayo haikai mahali pamoja bali hugawanywa kwa kaboni 3 zilizo otho na para kwa yule mgeni. Mgeni akiwa ameshika otho au para kwa kibadala cha zamani, mojawapo ya kaboni hizo 3 ni ile ile inayokibeba kibadala. Akiwa ameshika meta, kaboni hiyo husalimika. Basi kibadala kipendacho kutoa, kama methili, huipoza chaji iliyoangukia mlangoni pake, nayo njia ya otho na para hufunguka. Bali nitro, ambayo yenyewe ina chaji chanya juu ya nitrojeni yake, haiwezi kuvumilia chaji nyingine ya namna hiyo ije kukaa ubavuni, na kwa hiyo njia hizo mbili hufungika zaidi ya ile ya meta. Ni kosa kusema kwamba nitro huipendelea meta. Nitro huidhoofisha pete yote, na meta hushinda kwa kuwa imedhoofika kidogo kuliko wenziwe.

Klorini ndiyo iliyoonyesha kwamba njia mbili nilizozitaja ni mbili kweli. Klorobenzeni hutiwa nitro polepole kuliko benzeni kwa kadiri ya mara 30, kama ambavyo ungemtazamia mvutaji wa elektroni. Walakini kundi jipya huingia otho na para, kama ambavyo ungemtazamia mtoaji. Kwa yule aliyezikariri orodha mbili hapa pana mgongano usiosuluhishika, ilhali kwa yule aliyeelewa hapana mgongano wowote: klorini huivuta pete nzima kwa njia ya vifungo, na kwa hivyo huipunguzia hamu, kisha huikopesha jozi yake kwa njia ya pili, na mkopo huo, ijapokuwa ni mdogo kuliko mvuto, hufika otho na para tu, basi hizo hupata ahueni ambayo meta haipati. Upesi wa tendo huamriwa na mkono mmoja wa klorini, na mahali pa tendo huamriwa na mkono wake wa pili.

Fikra hizi zilijengwa Uingereza baina ya mwaka 1920 na 1935, hasa na Arthur Lapworth, Robert Robinson na Christopher Ingold. Robinson alianza mwaka 1922 kutumia mishale iliyopinda kuonyesha jozi ya elektroni inatoka wapi na inakwenda wapi, na mishale hiyo ingali inachorwa mpaka leo katika kila darasa la kemia duniani. Ingold, aliyekuwa London, alizipanga fikra hizo, akazipa majina na nidhamu, akazitoa mwaka 1934 katika makala ndefu iliyosomwa kila mahali. Mabwana hao wawili walishindana vikali juu ya nani alitangulia nini, na uchungu wa ushindani huo ulidumu umri wao wote. Mimi nauona kuwa ni hasara, kwa sababu wote wawili walikuwa wakiijenga nyumba moja.

Jengo hilo lilikuwa na upungufu mmoja. Liliweza kusema kwamba kundi fulani huvuta na fulani hutoa, lakini halikuweza kusema kiasi gani. Aliyeleta kipimo ni Louis Hammett wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mtu aliyezaliwa mwaka 1894 na kuishi hata mwaka 1987, ambaye fahari yake kwangu ni kwamba alichukua vipimo vilivyotapakaa katika kazi za watu wengi, vya nguvu za asidi huku na vya upesi wa matendo kule, akatambua kwamba vyote vinasema neno moja.

Hammett alichagua asidi benzoiki iwe kipimo chake. Asidi hii imejulikana tangu karne ya 16, ilipopatikana kwa kupasha moto utomvu wa ubani wa Jawa, ambao wafanyi biashara wa Bahari ya Hindi walikuwa wakiuchukua kutoka Sumatra kwa ajili ya kufukiza. Nayo si zaidi ya pete ya benzeni yenye kundi moja la kaboksili. Tia kibadala katika pete hiyo, kwa meta au kwa para, kisha pima nguvu ya asidi katika maji yenye joto la digrii 25: tofauti utakayoiona imeletwa na kibadala peke yake, kwani mengine yote yamebaki kama yalivyokuwa. Tofauti hiyo, ikiisha kuandikwa kwa hesabu ya logarithimu, ambayo hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, Hammett aliipa herufi ya Kiyunani sigma. Nitro kwa para huongeza nguvu ya asidi mara 6, na sigma yake ni 0.78, nitro kwa meta ina 0.71, methili kwa para, kwa kuwa huipa pete elektroni na kuidhoofisha asidi, ina hesabu ya upungufu, yaani kasoro 0.17.

Ikiwa kazi ingaliishia hapo, tungalikuwa na orodha nyingine tu, bora kuliko zile za kwanza lakini orodha. Kilichoifanya iwe elimu ni lile aliloonyesha Hammett mwaka 1937, kwamba sigma zilizopatikana kwa asidi benzoiki hufaa pia kwa matendo ambayo hayana nasaba na asidi hiyo. Chukua esta za asidi benzoiki, uzivunje kwa magadi makali. Panga upesi wa kila moja dhidi ya sigma ya kibadala chake, na alama zote zitajipanga katika mstari ulionyoka. Mwinamo wa mstari huo, aliouita kwa herufi ro, huonyesha tendo hilo lina wepesi gani wa kusikia mabadiliko ya elektroni: kwa asidi benzoiki yenyewe ro ni 1 kwa mapatano, na kwa kuzivunja esta ni kama 2.5, hata nitro ile ile iliyoongeza nguvu ya asidi mara 6 huongeza upesi wa kuvunjika kwa esta karibu mara 100. Na ro ikiwa chini ya sifuri, tendo hilo hupenda kupewa elektroni, na hapo wavutaji huwa kizuizi. Kwa hesabu mbili, moja ya kundi na moja ya tendo, mtu aliweza kukadiria akiwa mezani pake upesi wa matendo ambayo hapana aliyewahi kuyatenda. Na tena aliweza kugeuza hoja, akaipima ro ya tendo asilolijua undani wake, akapata kujua ni chaji ya namna gani inayojengeka ndani yake kwa muda mfupi usioweza kuonwa kwa jicho wala chombo.

Katika jedwali la Hammett kuna mstari mmoja ambao ningetaka kila mwanafunzi auangalie kabla ya mingine yote, nao ni wa kundi la methoksi, lile lile tulilolikuta katika eujenoli. Likikaa kwa para lina sigma ya kasoro 0.27, maana yake huidhoofisha asidi benzoiki hata ikabaki na nusu ya nguvu yake au zaidi kidogo. Likikaa kwa meta lina sigma ya 0.12 iliyo juu ya sifuri, maana yake huitia asidi nguvu. Kundi ni lile lile, pete ni ile ile, asidi ni ile ile; mahali tu pamebadilika, na mtoaji amekuwa mvutaji. Kwa para, oksijeni ya methoksi huikopesha pete jozi yake na mkopo hufika mpaka kaboni iliyobeba kaboksili. Kwa meta mkopo huo huiruka kaboni hiyo, basi hubaki mvuto wa oksijeni upitao katika vifungo, ambao ulikuwapo wakati wote lakini ulikuwa umefunikwa. Hiyo ndiyo burhani ya rai niliyoitanguliza, nami sijapata kuiona iliyo safi kuliko hiyo.

Otho Hammett hakuitia katika hesabu. Kibadala kilichokaa bega kwa bega na mahali pa tendo hakifanyi kazi ya elektroni peke yake, bali huziba njia kwa mwili wake, na mambo hayo mawili yakichanganyika mstari huvurugika. Wako waliomlaumu kwa kuiacha; mimi naona ilikuwa hekima, kwa kuwa mtu hawezi kupima kitu kimoja kwa kupima viwili pamoja.

Hata hivyo kipimo chake kilipelekwa mahali ambapo hakikutosha, na hapo ndipo kilipofundisha zaidi. Fenoli ni pete yenye oksijeni na hidrojeni, nayo ni asidi hafifu. Nitro kwa meta huiongezea nguvu kama mara 40, karibu sawa na ilivyotazamiwa. Nitro kwa para, ambayo ilitazamiwa kuiongezea kama mara 50, huiongezea karibu mara 700. Meta ilitii na para ikaasi, na sababu ni kwamba katika fenoli chaji hasi inayobaki juu ya oksijeni huweza kusafiri kupitia pete hata ikaingia katika nitro yenyewe na kutulia juu ya oksijeni zake, jambo lisilowezekana katika asidi benzoiki, ambamo chaji imefungiwa ndani ya kaboksili na haiwezi kuiingia pete. Hammett mwenyewe aliliona hilo tangu mwaka 1937, akalipa kundi la nitro hesabu ya pili, 1.27, kwa ajili ya fenoli na jamaa zake. Nitro 3 zikikaa pamoja katika fenoli, 2 kwa otho na 1 kwa para, hupatikana asidi pikriki, yenye rangi ya manjano, ambayo iliwahi kutumiwa kutia hariri rangi na kujaza makombora ya mizinga, na nguvu yake huizidi fenoli kwa mabilioni ya mara. Vanilini nayo imo katika mlango huu, kwa kuwa aldehidi yake imekaa kwa para, mahali panapoweza kuipokea chaji ya oksijeni na kuibeba pamoja naye.

Uasi wa upande wa pili ulichunguzwa na Herbert Brown wa Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, pamoja na Yoshi Okamoto, katika miaka ya 1957 na 1958. Wao walichukua kloridi za kumili, ambazo klorini yake ikiondoka huacha kaboni yenye chaji chanya iliyopakana na pete, wakaona kwamba methoksi kwa para huharakisha tendo hilo kwa zaidi ya mara 3,000, ilhali sigma ya kawaida ingaliahidi chini ya mara 20. Methoksi, ilipoiona kaboni yenye upungufu mbele yake, ilitoa kiasi ambacho haikutoa mbele ya kaboksili. Basi ukarimu wa kundi hauna kadiri moja hata linapokaa mahali pamoja. Hukua kwa haja ya yule anayepewa, na Brown akatunga hesabu nyingine kwa ajili ya haja kubwa za namna hiyo.

Kutoka hapo vibadala viliingia katika utafutaji wa dawa. Corwin Hansch wa Chuo cha Pomona, California, alipokuwa akichunguza pamoja na wenziwe vichocheo vya ukuaji wa mimea, aligundua mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba sigma peke yake haielezi nguvu ya dutu ndani ya kitu chenye uhai, kwa maana dutu hiyo sharti kwanza ivuke utando wenye mafuta. Akaongeza kipimo cha jinsi kila kibadala kinavyopenda mafuta kuliko maji, na kwa kuziunganisha hesabu hizo akaanzisha njia ya kukadiria nguvu ya dawa kabla haijatengenezwa.

Wasomaji wa nchi zetu wanayo dawa moja ambayo inaonyesha uzito wa jambo hili, nayo ni klorokwini, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1934 na Hans Andersag huko Elberfeld, Ujerumani. Kijidudu cha malaria hula damu, na katika kuila hubakiwa na hemu, ambayo ni sumu kwake. Hujiokoa kwa kuigandisha hemu iwe fuwele zisizodhuru. Klorokwini huzuia kuganda huko. Ndani yake zimo pete mbili zilizoshikana, na katika kaboni ya 7 imekaa klorini moja. Timothy Egan na wenziwe wa Cape Town walionyesha mwaka 2000 kwamba pete hizo, zikiwa na nitrojeni zake, zatosha kuishika hemu hata bila ya klorini, lakini kuishika si kuizuia isigande. Kwa kazi hiyo ya pili klorini ya mahali pale pa 7 inahitajiwa. Klorini hiyo huzivuta elektroni kutoka katika pete, na miongoni mwa athari za mvuto huo ni kuipunguzia nitrojeni ya pete hamu yake ya kupokea hidrojeni.

Tanzania bara iliiondoa klorokwini katika matibabu ya kwanza ya malaria mwaka 2001, baada ya vijidudu kuizoea. Walakini hawakuizoea kwa kuishinda klorini. Protini moja iliyo katika ukuta wa kifuko ambamo kijidudu humeng'enyea damu ilibadilika kidogo, ikaweza kuisukuma dawa nje kabla haijakusanyika ya kutosha, na kemia iliyomo ndani ya dawa ikabaki vile vile. Pete zile zile mbili, zenye klorini ile ile katika kaboni ya 7, zimo katika amodiakwini, ambayo imebadilishwa mkia wake tu; na mkia huo ndio uliofanya iweze kufanya kazi mahali pengi ambapo klorokwini ilikwisha kushindwa. Zanzibar ilianza kuitumia amodiakwini mwaka 2003, ikiunganishwa na atesuneti, iwe tiba yake ya kwanza ya malaria isiyo kali.